Mipaka ya Kura Kariakoo na Jangwani: Aliyechora na Aliyeulizwa

Historia ya mipaka ya uchaguzi katika kitovu cha Dar es Salaam haianzii kwenye uchaguzi. Kata za Kariakoo, Jangwani na Gerezani, zilizo kati ya viwanja vya Mnazi Mmoja na bonde la mto Msimbazi, zilikwisha kukatwa vipande na wapima ardhi, watoza kodi na mabwana afya miongo kadhaa kabla ya mkazi wake yeyote kutumbukiza kura sandukuni, na haki ya kupiga kura ilipofika iliikuta mistari hiyo imekwisha kuzoeleka, ikaiazima. Kwa hiyo suala la ushiriki wa wananchi katika kuchora upya mipaka ya uchaguzi, yaani nafasi ya mkazi wa kawaida kusema mstari upite wapi na kwa sababu gani, haliwezi kueleweka kwa kusoma sheria ya uchaguzi peke yake. Inabidi kuifuata mistari yenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kuuliza kila mmoja ulichorwa kwa haja ya nani, na ni nani aliyeitwa kutoa maoni kabla wino haujakauka.

Wajerumani walipohamishia Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitoa mwaka huohuo kanuni ya ujenzi iliyougawa mji kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa katika kila eneo: nyumba za mawe za mtindo wa Ulaya upande wa bahari na bandari, majengo ya kudumu ya biashara katikati, na vibanda vya miti na udongo pembezoni. Kwa maneno yake kanuni hiyo haikutaja rangi ya mtu, bali ilitaja kuta na paa. Lakini kwa kuwa uwezo wa kujenga ukuta wa mawe uligawanywa kwa rangi, matokeo yalikuwa yaleyale. Katika miaka ya mwisho ya utawala wao Wajerumani walinunua ardhi ya shamba iliyokuwa nyuma ya mji, wakaipima kwa mistari iliyonyooka ili Waafrika wahamishiwe huko, na wakaanza kujenga jengo la soko, ambalo vita vya kwanza vya dunia vililikuta bado halijaanza kazi yake. Waingereza walioingia mjini mwaka 1916 waliweka hapo wapagazi wa jeshi lao, na jina la Kiingereza la kikosi hicho ndilo lililozaa jina la Kariakoo katika vinywa vya wenyeji.

Utawala wa Kiingereza uliuchukua mgawanyo huo na kuupa namba. Kanda ya Kwanza ilikuwa makazi ya mtindo wa Kizungu, ambayo watu waliita Uzunguni. Kanda ya Pili ilikuwa ya biashara na makazi, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa Uhindini. Na Kanda ya Tatu ilikuwa ya wenyeji, nayo ndiyo Kariakoo na baadaye Ilala. Kati ya Kanda ya Pili na ya Tatu liliachwa eneo la wazi, Mnazi Mmoja, ambalo sababu yake rasmi ilikuwa ya kiafya: iliaminika kuwa nafasi isiyo na nyumba ingezuia magonjwa yasivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Watu wa mjini waliligeuza eneo hilo kuwa mahali pa mikutano, ngoma na mpira, na baadaye pa siasa, jambo ambalo wachora ramani hawakulitarajia. Hata hivyo mstari wenyewe ulibaki. Anayeitazama ramani ya kata za leo atakuta kwamba Kisutu, Mchafukoge na Kivukoni ziko upande mmoja wa Mnazi Mmoja, na Kariakoo, Jangwani na Gerezani ziko upande wa pili, karibu sawasawa na kanda zilivyopangwa karne moja iliyopita, ingawa hakuna sheria yoyote ya uchaguzi ya Tanzania huru iliyowahi kuagiza hivyo. Mipaka ya kata huwa na tabia hiyo, kwa kuwa hufuata barabara kubwa na nafasi za wazi, na barabara kubwa na nafasi za wazi za Dar es Salaam zilipangwa na watu waliotaka kutenganisha.

Katika kipindi hicho chote mkazi wa Kanda ya Tatu hakuwa na uwakilishi wa kuchagua. Aliwakilishwa, kama neno hilo linafaa, na liwali na mawakili waliowekwa na serikali, ambao kazi yao ilikuwa kusuluhisha ugomvi, kuwatambua walipa kodi na kufikisha amri. Sauti ilipotoka, ilipitia mlango mwingine. African Association, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilijenga ofisi yake katika mtaa ambao Waingereza waliuita New Street na ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, ukingoni kabisa mwa Kariakoo kuelekea Mnazi Mmoja, na kutoka hapo yaliandikwa maombi na malalamiko kwa serikali. Katika jengo hilo ndimo chama cha TANU kilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Inafaa kukumbuka pia kwamba Abdulwahid Sykes, mmoja wa waliosimama nyuma ya kuzaliwa huko, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, kwa maana hiyo mtu aliyejua kwa kazi yake ya kila siku nani anauza nini na anatoka mtaa gani. Ujuzi wa aina hiyo juu ya eneo haukuwa kwenye ramani yoyote ya manispaa, lakini chama kiliutumia vizuri kuliko serikali ilivyotumia ramani zake.

Uchaguzi wa kwanza wa kitaifa, uliofanyika kwa awamu mbili mwaka 1958 na 1959, uliweka ubaguzi mahali pengine. Chini ya utaratibu wa kura tatu, kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja katika jimbo lake, na haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato cha pauni 150 kwa mwaka, elimu ya darasa la nane au cheo fulani kinachotambuliwa. Mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uliamua, baada ya mabishano makali, kuingia katika uchaguzi huo licha ya masharti yake. Kwa mtazamo wa mipaka, jambo la kuzingatia ni kwamba majimbo yalikuwa makubwa mno, kiasi kwamba mtaa mmoja haukuweza kuonekana ndani yake, na kwamba mgawanyo wa watu ulihamishwa kutoka ardhini hadi kwenye karatasi ya kura: badala ya kuwatenganisha kwa eneo la wazi, sheria iliwatenganisha kwa safu za wagombea. Mwaka 1960, wakati Sheikh Kaluta Amri Abedi alipokuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, viti vya ubunge vilikuwa vimepanda hadi 71, na kati yake 21 bado vilitengwa kwa Waasia na Wazungu. TANU ilishinda 70.

Baada ya uhuru ulizuka mpaka mdogo kuliko yote, nao uligusa maisha ya watu wa Kariakoo na Jangwani zaidi ya jimbo lolote. TANU iligawa wakazi katika vikundi vya nyumba kumi, kila kikundi chini ya kiongozi aliyeitwa balozi, ambaye alikuwa mtu wa chama lakini pia ndiye aliyeandika barua za utambulisho, aliyesuluhisha wapangaji na aliyejua mgeni gani amelala kwa nani. Mfumo huo uliwazia nyumba za kijijini, ambamo nyumba moja ni kaya moja. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ni kitu kingine: ina korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, mwenye nyumba katika chumba kimoja au hayupo kabisa, na wapangaji katika vyumba vinavyobaki, kila chumba kikiwa na familia yake. Nyumba kumi za namna hiyo ni vyumba sitini. Balozi wa Mtaa wa Sikukuu au wa Mtaa wa Swahili kwa hiyo aliongoza watu wengi mara kadhaa kuliko balozi mwenzake wa shambani, ingawa kwa hesabu za chama wawili hao walikuwa sawa. Hapo ndipo inapoonekana mapema kabisa kasoro ambayo baadaye itarudi katika majimbo: kipimo kilichochaguliwa, iwe nyumba, kaya au kitanda, huamua uzito wa sauti kabla mtu yeyote hajasema neno.

Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, nchi iligawanywa katika majimbo 107, na katika kila jimbo lililokuwa na ushindani wapiga kura walichagua kati ya wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Ushindani ulikuwapo, na mawaziri kadhaa walianguka, lakini ulihusu watu na si mistari. Mstari ulikuwa jambo la serikali kuu, na vivyo hivyo ilikuwa kwa mji wenyewe: mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mpango ulioitwa madaraka mikoani, mabaraza ya miji yalivunjwa na Dar es Salaam ikagawanywa katika wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Mto Msimbazi, unaopita kando ya Jangwani, ukawa kwa sehemu yake ya chini mpaka kati ya Ilala na Kinondoni, kwa hiyo Magomeni ng'ambo ya bonde ikawa wilaya nyingine, ijapokuwa watu wake walinunua, waliuza na kuzikana na watu wa Kariakoo kila siku. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978 na sheria mpya za serikali za mitaa zikatungwa mwaka 1982, lakini wilaya tatu zilibaki, na ni ndani ya wilaya hizo ambamo kata na majimbo ya baadaye yalichorwa.

Tukio linaloonyesha vizuri zaidi namna dola la Tanzania lilivyoelewa ushiriki wa wananchi halikuhusu mipaka moja kwa moja. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikusanya maoni ya watu 36,299 kuhusu mfumo wa vyama, na asilimia 77.2 yao walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, kwa hoja kwamba asilimia 21.5 waliotaka mabadiliko hawakupaswa kupuuzwa na kwamba wengi wa waliotaka mfumo wa zamani walitaka pia urekebishwe sana. Pendekezo hilo lilikuwa na busara, na historia haijalilaumu. Lakini liliweka desturi ambayo imedumu: mwananchi huombwa maoni, maoni huhesabiwa hadharani, na uamuzi hufanywa na chombo chenye mamlaka ya kuyapima kwa mizani yake chenyewe. Kuulizwa kukawa haki iliyozoeleka, kufuatwa kukabaki hisani.

Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliundwa mwaka 1993, na Ibara ya 75 ya Katiba iliipa kazi ya kuigawa nchi katika majimbo, yaani maeneo ambayo kila moja humchagua mbunge mmoja, kwa idadi na namna itakayoamua baada ya kupata kibali cha Rais. Tume hutakiwa kuzingatia idadi ya watu, njia za mawasiliano na hali ya kijiografia, na kuchunguza upya mgawanyo huo angalau kila baada ya miaka kumi. Ibara ya 74, kwa upande wake, inazuia mahakama kuchunguza jambo lililofanywa na Tume katika kutekeleza kazi zake. Mipaka ya ngazi za chini ina njia nyingine. Kata, ambayo humchagua diwani, na mtaa, ambao ndio ngazi ya chini kabisa ya serikali mjini na humchagua mwenyekiti, huanzishwa au kugawanywa na serikali kuu kupitia wizara inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, baada ya pendekezo kupanda ngazi: kutoka mkutano mkuu wa mtaa, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria, hadi kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, na mwishoni waziri.

Ngazi hizo zikitazamwa kwa makini zinatoa picha isiyo ya kawaida. Mwananchi asiye na cheo ana nafasi ya kusema katika ngazi ya kwanza tu, ambako pendekezo bado ni la jumla. Kadiri linavyopanda na kupata umbo la ramani yenye mistari halisi, ndivyo wanaolizungumzia wanavyokuwa madiwani, wakuu wa idara, wakuu wa wilaya na wakuu wa mikoa. Mkazi wa Jangwani anaweza kusema kwamba kata yake ni kubwa au ndogo, lakini hapewi nafasi ya kuiona ramani iliyopendekezwa kabla haijawa tangazo la serikali na kusema kwamba mstari umepita upande usiofaa wa barabara. Hilo si kosa la maofisa fulani. Ni muundo, na muundo huo una sababu yake: mgawanyo wa maeneo ya utawala Tanzania umechukuliwa siku zote kuwa suala la huduma na gharama, la idadi ya zahanati, ofisi na mishahara, na uchaguzi ukafuata nyuma kama mgeni anayekaribishwa kwenye nyumba ambayo hakushiriki kuijenga.

Kenya iliamua kwenda njia nyingine, na tofauti hiyo inaeleza mengi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 89, inaweka idadi ya majimbo kuwa 290, inaweka kiwango cha tofauti kinachoruhusiwa kati ya wakazi wa jimbo moja na wastani wa taifa, ambacho ni asilimia 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache na asilimia 30 kwingineko, inailazimu tume ya mipaka kushauriana na wote wenye maslahi, na inampa mtu yeyote siku 30 za kwenda Mahakama Kuu kupinga mstari. Matokeo yalikuwa msururu wa kesi zaidi ya mia moja mwaka 2012, nyingi zikihusu jina la kata moja au kijiji kimoja kilichohamishwa. Huenda msomaji wa Dar es Salaam akaona kesi hizo kuwa vurugu. Lakini kila moja ilikuwa na mkazi aliyeisoma ramani kwa makini kiasi cha kugundua, kwa mfano, kwamba mto uliotajwa kwenye tangazo haupiti pale ilipoandikwa, na usomaji wa namna hiyo ndio kitu ambacho mfumo wa Tanzania haukuwahi kuwaomba wakazi wake wafanye. Zanzibar nayo imeonyesha upande mwingine wa jambo: majimbo yake yaliongezwa kutoka 50 hadi 54 kwa uchaguzi wa mwaka 2015, kisha yakarudishwa 50 kwa ule wa mwaka 2020, na mkazi aliyelala na kuamka katika nyumba ileile anaweza kuwa amepiga kura katika majimbo tofauti bila yeye kuhama hata hatua moja.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi uliikuta Dar es Salaam ikiwa na majimbo saba, na ulianza vibaya: kutokana na ucheleweshaji na upungufu wa vifaa vituoni, uchaguzi wa Oktoba 1995 ulifutwa katika mji mzima na kurudiwa Novemba. Tangu hapo ramani ya majimbo ya jiji imekuwa ikikua upande mmoja tu. Segerea lilizaliwa mwaka 2010 ndani ya wilaya ya Ilala. Kibamba na Mbagala yakazaliwa mwaka 2015. Na tarehe 12 Mei 2025 Mwenyekiti wa Tume, ambayo sasa inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Jaji Jacobs Mwambegele, alitangaza majimbo mapya manane nchini, yakiwemo Kivule lililokatwa kutoka Ukonga na Chamazi lililokatwa kutoka Mbagala, na hivyo jumla ya majimbo ya nchi ikawa 272 na ya Dar es Salaam 12. Yote yamezaliwa pembezoni. Jimbo la Ilala, ambalo ndani yake zimo Kariakoo, Jangwani, Upanga na Kisutu, na ambalo kwa hiyo linaunganisha kwa kura moja pande zote mbili za Mnazi Mmoja zilizotenganishwa na kanda za kikoloni, limebaki jimbo la kitovu, na wakati mitaa ya Gongo la Mboto na Chanika ilipokuwa ikijaa watu, lenyewe lilikuwa likijaa maghala.

Utaratibu wa mwaka 2025 ulifuata ngazi zilezile. Tume ilipokea maombi ya kugawa au kubadilisha majina ya majimbo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwishoni mwa Machi, na maombi hayo yalitakiwa kupitia vikao vya halmashauri na kamati za ushauri za wilaya na mkoa kabla ya kufika Tume. Muda ulikuwa mwezi mmoja. Kwa halmashauri yenye maofisa mipango na takwimu mkononi, mwezi mmoja unatosha. Kwa mkutano mkuu wa mtaa, ambao kwa kawaida huitwa kujadili taka, ulinzi shirikishi na mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ni muda unaopita kabla tangazo halijafika kwenye ubao wa ofisi.

Hapa ndipo Kariakoo inapotoa somo ambalo eneo jingine haliwezi kulitoa. Kipimo kikuu cha jimbo ni idadi ya watu, na idadi ya watu hutoka katika sensa, na sensa ya Tanzania humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Sensa ya Agosti 2022 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu 5,383,728, na wilaya ya Ilala peke yake watu 1,649,912, lakini ndani ya Ilala sehemu inayozunguka soko ni ile ambako watu hufika alfajiri na kuondoka jioni. Nyumba za Kiswahili zimebomolewa na maghorofa yenye maduka chini na stoo juu yamesimama badala yake katika mitaa ya Kongo, Aggrey, Livingstone na Msimbazi. Aliyekuwa mpangaji wa chumba na mpiga kura wa Kariakoo sasa ni mpangaji wa Kivule au Mbagala anayekuja na daladala au mwendokasi kuuza viatu, na kwa hesabu ya sensa Kariakoo ni sehemu tulivu. Pengo kati ya idadi ya wanaoitumia sehemu na wanaohesabiwa kuwa wakazi wake lipo katika kila jiji kubwa, lakini ni nadra kuwa pana kama hapa, ambapo soko hilohilo huwavuta wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo ni mtu aliye ndani ya eneo kwa kazi na nje ya eneo kwa kura. Kodi yake, leseni yake, moto uliounguza soko kuu Julai 2021 na kuanguka kwa ghorofa Novemba 2024 ni mambo yanayomhusu zaidi ya jambo lolote la mtaa anakolala, lakini diwani wa kata anayofanyia kazi hamdai kura. Si ajabu basi kwamba watu hawa walipotaka kusikilizwa hawakupitia mkutano wa mtaa. Mei 2023 walifunga maduka kupinga namna kodi ilivyokusanywa, na siku chache baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza, mbele ya umati ambao hakuna mkutano wa kampeni wa diwani uliowahi kuukusanya. Juni 2024 walifunga tena. Njia hiyo ina nguvu, lakini ina kasoro kubwa: huwafanya wasikilizwe wale walio na duka la kufunga, huku mchukuzi wa mkokoteni na mama lishe, ambao wakifunga siku moja hawali, wakibaki bila jukwaa la sokoni wala la mtaani.

Upande wa Jangwani kazi ya mchora mipaka imefanywa na maji. Bonde la Msimbazi hufurika kila mvua kubwa inaponyesha, na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya arobaini jijini, yaliifanya serikali kuwahamishia wakazi wengi wa bondeni Mabwepande, kilomita nyingi kaskazini, katika jimbo la Kawe. Ubomoaji wa nyumba za bondeni mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016, baada ya kuta kupigwa alama nyekundu ya X, uliwaondoa wengine. Hakuna tume ya mipaka iliyokaa, hakuna ramani ya uchaguzi iliyobadilishwa, lakini idadi ya watu katika kata moja ilipungua na katika nyingine ikaongezeka, na yule aliyehamishwa alipaswa kwenda mwenyewe kurekebisha taarifa zake katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kwa maana fulani hiyo ndiyo njia ya kawaida zaidi ya kuchora upya mipaka Dar es Salaam: mstari hukaa palepale, watu ndio wanaosogezwa.

Mafuriko hayohayo yalizaa zoezi la ushirikishwaji ambalo ramani ya uchaguzi haijawahi kulipata. Kuanzia mwaka 2015 mradi ulioitwa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa kata zenye hatari ya mafuriko kupita mitaani na simu mkononi, wakiandika mifereji, vichochoro na majengo. Baadaye zoezi hilo liliingia katika mashina, yaani vikundi vile vya nyumba vilivyorithiwa kutoka mfumo wa nyumba kumi, ambavyo mipaka yake haikuwa imeandikwa popote ila vichwani mwa wajumbe wanaoviongoza. Wachora ramani walitembea na mjumbe, naye akawaonyesha kwamba shina lake linaanzia kwenye mwembe huu na kuishia kwenye ukuta ule, na mjumbe wa jirani akathibitisha au akabisha. Kusudi lilikuwa kujua nani aonywe maji yakija. Lakini kwa matokeo yake, mipaka ya ngazi ya chini kabisa ya maisha ya jiji ilichorwa kwa mara ya kwanza kwa kuwauliza wanaoishi ndani yake, mmoja mmoja, papo hapo barabarani, na mabishano yakaamuliwa hapo hapo.

Mwaka 2018 mpango wa bonde la Msimbazi ulianza na warsha ndefu zilizowakutanisha wakazi, maofisa wa manispaa, wahandisi na wapangaji miji, na mradi uliotokana nao, wenye mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, unalipa fidia kaya za bondeni, unainua daraja la Jangwani na kugeuza sehemu kubwa ya bonde kuwa bustani. Kaya hizo zilitembelewa, zikahesabiwa, zikapigwa picha pamoja na nyumba zao, zikapewa nafasi ya kulalamika juu ya tathmini na zikaandikwa majina katika daftari la fidia. Wanaoondoka wanakwenda walikopata viwanja vya bei wanayoimudu, wengi wao nje ya jimbo la Ilala, na Tume itakapochunguza tena mgawanyo wa majimbo, kama Katiba inavyoitaka angalau kila baada ya miaka kumi, watahesabiwa huko.